Wazee na Ulemavu: Kwa Nini Asilimia Ilishuka?

Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba asilimia 3.5 ya Wakenya, yaani watu wapatao milioni 1.3, waliishi na ulemavu. Sensa ya Agosti 2019 ilionyesha asilimia 2.2, watu takriban 900,000. Katika miaka hiyo 10, Wakenya wa umri wa miaka 60 na zaidi waliongezeka kutoka takriban milioni 1.9 hadi milioni 2.7. Ulemavu huongezeka kadiri umri unavyosonga. Ikiwa wazee waliongezeka, mbona ulemavu ukaonekana kupungua?

Kipimo kilibadilika

Mkulima wa viazi wa Olenguruone analijua jibu. Shamba lile lile hutoa magunia mengi yakipimwa kwa kilo 50, na machache yakijazwa hadi kufurika. Idadi ya magunia hubadilika, viazi ni vile vile.

Sensa ya 2009 iliuliza mtu ana ulemavu wa aina gani. Ile ya 2019 iliuliza kuhusu ugumu wa kufanya mambo sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Majibu yalikuwa manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, au hawezi kabisa. Waliohesabiwa kuwa na ulemavu ni wa majibu mawili ya mwisho, wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Kwa hivyo, asilimia hizo mbili hazithibitishi kwamba ulemavu umepungua.

“Ni uzee tu”

Chukulia nyanya wa miaka 74 anayeishi kwenye mteremko. Hawezi kupanda hadi barabarani bila kushikwa mkono na mjukuu. Akiulizwa, hujibu: “Mimi si mlemavu, ni uzee tu.” Mwanawe akijibu kwa niaba yake, husema “ugumu kiasi.” Hapo nyanya hahesabiwi, ilhali kutembea ndiko kulikoongoza kwa ugumu katika sensa ya 2019.

Asiyehesabiwa ni vigumu kupangiwa huduma. Isitoshe, mengine yanayoitwa uzee yana tiba: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na mzee akaona tena.

La kufanya nyumbani

• Muulizeni mzee maswali hayo sita, moja baada ya jingine, bila kutaja neno “ulemavu.” Mwacheni ajibu mwenyewe.

• Jibu likiwa “ugumu mkubwa” au “hawezi kabisa,” mpelekeni hospitalini akapimwe.

• Ulemavu ukithibitishwa, ombeni asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huu ni tofauti na Inua Jamii, ambayo huwalipa wazee walioandikishwa wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi.

Sensa hufanywa kila baada ya miaka 10. Karani atakapobisha hodi tena, mzee ajibu kuhusu anachoweza na asichoweza kufanya, wala si kuhusu umri wake.