GMAT baada ya wiki tatu

*Naishi Joubert Park, Johannesburg, na naomba nafasi katika shule ya biashara kule Parktown. Mtihani wa GMAT ni baada ya wiki tatu na hesabu nimezisahau. Nisome vitabu vyote nilivyoazima? – Msomaji, Joubert Park*

Unahofia muda, lakini kinachokula muda zaidi ni kusoma yasiyoulizwa. Mtihani wa sasa una maswali 64, sehemu tatu za dakika 45 kila moja. Insha, jiometri na usahihishaji wa sentensi vimeondolewa, kwa hiyo vitabu vya zamani viweke kando. Fanya leo jaribio rasmi la bure, kisha kila jioni chambua makosa: hukujua kanuni, ulisoma swali vibaya, au muda ulikuishia? Utasema huwezi kuchambua hesabu usizozikumbuka. Lakini nyingi ni za sekondari, yaani asilimia, uwiano na aljebra, nazo hurudi haraka kwa mazoezi. Sehemu ya hesabu haina kikokotoo, basi zoea kalamu. Usiache swali bila jibu, maana alama hupungua. Wiki moja kabla, jipime tena. Ukiwa bado mbali na alama zinazotakiwa na shule, zungumza mapema na ofisi ya udahili, kwani kurudia mtihani hulazimu kusubiri siku 16.