Kinga Inaanzia Kibuye

Juni 2021 Kisumu ilikuwa mji wa hofu. Delta, aina ya virusi vya korona iliyoenea kwa kasi kuliko zilizotangulia, ilikuwa imegunduliwa hapa mwezi uliopita. Serikali ikaweka masharti makali katika kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na jirani zake, kafyu ikaanza saa moja jioni, na maziko yakatakiwa kukamilika ndani ya saa 72. Katika siku hizo nilisimama soko la Kibuye nikimtazama kijana akinunua tangawizi, ndimu na kitunguu saumu kwa pesa ambazo zingenunua mboga za nyumba nzima kwa siku kadhaa. Alipita mafungu ya osuga (mnavu) na dek (mgagani) bila kugeuza shingo. Mama mboga akanitazama, akasema taratibu, “Nyathina, mwanangu, wanatafuta dawa, chakula wanakiruka.”

Maneno yale sijayasahau, na ndiyo yanayonifanya niandike. Lakini kabla hatujaingia jikoni, tuelewane. Hakuna chakula kinachoziba pua virusi visipite. Tangawizi hutuliza koo, na mvuke hufungua pua kwa muda, ila havitibu korona. Kazi ya kuzuia na kupunguza makali ilikuwa ya barakoa, hewa safi, nafasi kati ya watu, na chanjo, ambayo shehena yake ya kwanza ilifika Kenya Machi 2021. Chakula kina kazi nyingine. Chembe zinazopigana na maradhi zinajengwa kwa protini, na bila madini ya chuma, zinki, na vitamini kama A na C, hazifanyi kazi sawasawa. Tena korona iliwaelemea zaidi wenye kisukari, presha na unene wa kupindukia, maradhi ambayo sufuria na miguu yetu vinaweza kuyapunguza. Kazi hiyo haifanywi wiki ambayo janga linatangazwa redioni. Hufanywa miezi mingi kabla.

Anza na omena, dagaa wa ziwa letu. Watu wengi mjini huiona chakula cha siku pesa zimekwisha, na sehemu kubwa ya inayovuliwa hugeuzwa chakula cha kuku. Nadhani hapo tunajipunja. Samaki huyu mdogo huliwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo pamoja na protini unapata kalsiamu, chuma na zinki, kwa bei ambayo ngege, yaani tilapia, haiwezi kushindana nayo. Sokoni, chagua inayong'aa kama fedha, iliyokauka hadi inavunjika ukiikunja. Iliyogeuka manjano, yenye harufu kali ya mafuta yaliyochacha, iache. Muulize mama samaki kama ilianikwa juu ya vichanja au chini, kwa maana ile ya chini huja na mchanga na uchafu wa ufuoni. Nyumbani ioshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu, uichuje, uikaange kidogo kwa mafuta machache, kisha uweke kitunguu na nyanya nyingi. Karibu na kuepua, kamulia ndimu. Hapo ndipo ndimu ile ya bei inapofanya kazi ya maana, kwani vitamini C huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka za mlo huo.

Kumbuka pia kwamba uvuvi wa omena hufungwa kati ya Aprili na Julai ili samaki wazaliane, na bei hupanda. Mwezi wa Machi nunua gorogoro moja au mbili, uianike tena juani nyumbani, uihifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Mboga ndizo utajiri ambao tumeuficha mbele ya macho yetu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtaalamu wa kilimo cha bustani aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Maseno, ametumia miaka mingi akitafiti mboga za kienyeji kama osuga, dek, ododo (mchicha), apoth (mlenda), boo (kunde) na mitoo. Wakati wazee wetu walipokuwa wakidharauliwa kwa kula “magugu”, yeye alionyesha kwamba baadhi yake huipita kabichi mbali sana kwa vitamini na madini.

Tatizo ni namna tunavyozipika. Tunazikatakata kabla ya kuziosha, tunazichemsha muda mrefu kwa maji mengi, halafu tunamwaga maji yale kwa sababu ni machungu. Vitamini C huyeyuka majini na huharibiwa na moto, kwa hiyo sehemu kubwa yake huishia mferejini. Osha majani yakiwa mazima, kata ukiwa tayari kupika, tumia maji kidogo, funika. Ukiogopa uchungu, fanya kama mabibi zetu walivyofanya: changanya. Osuga itulizwe na ododo, dek itulizwe na boo, na hutahitaji kumwaga kitu. Punguza magadi kwenye apoth, maana nayo huharakisha kuharibika kwa vitamini hiyo. Weka mafuta kidogo, au njugu zilizopondwa, kwa sababu vitamini A ya majani ya kijani, na ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, haichukuliwi vizuri na mwili bila mafuta.

Najua osuga iliyolala na maziwa na kupashwa siku ya pili ina utamu wake, na siwezi kumwambia mtu wa huku aiache. Endelea nayo, ila vitamini C uitafute kwingine siku hiyo. Pera moja linaishinda chungwa kwa mbali, na msimu wake ukifika huanguka chini ya miti na kuoza tukitazama. Papai nalo linatosha. Anayeishi Nyalenda au Manyatta bila shamba anaweza kupanda ododo na sukuma kwenye gunia la udongo kando ya mlango.

Kuhusu chai nitakuwa mkali kidogo. Chai ya rangi au ya maziwa inayonywewa pamoja na mlo huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Isubiri saa moja. Na vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe, vikombe vinne kwa siku, hesabu mwenyewe. Tukirudi kwenye chakula, unga wa ugali uuchanganye na mtama au wimbi. Mgongo wazi, mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki minofu ikishapelekwa viwandani, ina supu nzuri sana ikichemshwa na nyanya. Kinachoiharibu ni kuikaanga kwa mafuta meusi yaliyotumika tangu juzi.

Usiku, lala kwa muda wa saa saba au nane, ndani ya neti yenye dawa. Huku kwetu malaria haikupisha korona. Ilikuja nayo, na mwili uliopungukiwa damu kwa malaria huchoka mapema. Anayemeza ARV, dawa za presha au za sukari asikatize hata siku moja kwa kuogopa foleni ya kliniki.

Mazoezi hayahitaji jimu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kumpandisha pumzi kila wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Mchana joto letu hukaribia nyuzi 30, kwa hiyo toka alfajiri, ubebe maji. Barabara ya kwenda Dunga ni tambarare, ina hewa ya ziwa, na nafasi ya kutosha kati ya mtu na mtu. Mwendesha boda anayekaa juu ya pikipiki siku nzima anahitaji kutembea kuliko anavyodhani. Siku za mvua, ruka kamba barazani, chuchumaa na kusimama mara 15, sukuma ukuta kwa mikono, pumzika, rudia. Kuogelea ufuoni sikushauri, kwani maji ya kina kifupi yana konokono wanaobeba kichocho.

Ukipata homa, acha mazoezi kabisa. Usijiambie ni malaria tu wala usijiambie ni korona tu. Nenda ukapimwe, kwa sababu yote mawili yanaweza kukaa katika mwili mmoja. Pumzi ikikatika au kifua kikibana, usisubiri asubuhi.

Baada ya kupona, ngoja angalau wiki moja tangu dalili ziishe. Halafu tembea hadi getini na kurudi, kesho hadi dukani, wiki inayofuata hadi barabara kuu. Moyo ukienda mbio bila sababu au kichwa kikizunguka, rudi hatua moja nyuma na umwone daktari. Ukiweza kufika Dunga na kurudi bila kukaa njiani, hapo sasa unaweza kuanza kukitazama kilima cha Riat.