Kwa Nini Matusi ni Mengi Katika Muziki wa Rap?

SOMO LA ROBO HII: kwa majadiliano katika vikao vya kamati na vikundi vya vijana



Vijana wanapoomba nafasi ya kuchana mistari kwenye tamasha la parokia, mara nyingi kikao hugawanyika. Wapo wanaosema rap ni matusi matupu na haifai kusikika mbele ya watoto. Wapo wanaosema tukiwafungia vijana mlango wataimba hukohuko vijiweni, pasipo mtu mzima wa kuwasikiliza. Wafadhili nao huuliza, kwa haki kabisa, kwa nini fedha za kuendeleza vijana ziende kwenye muziki wenye sifa hiyo.

Somo hili halikusudii kuyatetea matusi. Linakusudia kueleza yalikotoka, kwa sababu mganga hatoi dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Tukishajua chanzo, tutaweza kuamua bila kuwaonea vijana na bila kujidanganya.

1. Rap haikuzaliwa na matusi

Muziki huu ulianzia Bronx, mtaa wa jiji la New York nchini Marekani. Wengi huitaja tarehe 11 Agosti 1973 kuwa siku yake ya kuzaliwa. Siku hiyo kijana mzaliwa wa Jamaika, DJ Kool Herc, alipiga muziki katika sherehe iliyofanyika kwenye jengo namba 1520, Sedgwick Avenue. Sherehe iliandaliwa na dada yake, Cindy Campbell, aliyetaka kupata fedha za nguo za shule. Wakati huo Bronx ilikuwa na hali mbaya: viwanda vilikuwa vimeondoka, nyumba nyingi zilikuwa zikiungua, na mwaka 1975 jiji lenyewe lilikaribia kufilisika. Vijana hawakuwa na vyombo vya muziki, ila walikuwa na sahani za santuri, spika na maneno.

Wimbo wa kwanza wa rap kuvuma sana, "Rapper's Delight" wa Sugarhill Gang, ulitoka mwaka 1979, nao ulikuwa wa kuchekesha na kujisifu. Mwaka 1982 Grandmaster Flash na kundi la Furious Five walitoa "The Message", wimbo ulioeleza maisha magumu ya mtaani. Uliwagusa watu kwa ukweli wake, wala haukutegemea matusi. Mwaka 1989, tuzo ya Grammy ilipotolewa kwa rap kwa mara ya kwanza, waliyoipata ni DJ Jazzy Jeff na Fresh Prince (Will Smith) kwa wimbo wa mzaha kuhusu wazazi. Kwa hiyo anayesema kwamba rap haiwezi kuwepo bila matusi hasemi kweli. Matusi yaliingia baadaye, na yana milango yaliyoingilia.

2. Mlango wa kwanza: utani uliotolewa uani

Wamarekani weusi wana mchezo wa siku nyingi uitwao "the dozens". Vijana wawili husimama mbele ya wenzao na kutupiana maneno makali, hata kuhusu mama zao. Anayekasirika ameshindwa. Anayejibu kwa ufundi zaidi ndiye mshindi, na wasikilizaji ndio waamuzi. Mashindano ya rap yamerithi mengi kutoka katika mchezo huo.

Jambo hili si geni kwetu. Tunao utani wa makabila. Mtani huja msibani akamcheka hata marehemu, na wafiwa hawampeleki baraza la wazee. Katika taarabu tunayo mipasho, ambapo mwimbaji humchoma mtu bila kumtaja jina. Haya yote ni maneno makali yenye ruhusa. Lakini ruhusa hiyo ina mipaka: ni kwa watu fulani, mahali fulani, wakati fulani. Neno ambalo mtani anaruhusiwa kulitamka, mgeni akilitamka ni ugomvi.

Kanda na santuri ziliuvunja ukuta huo. Maneno yaliyotamkwa na vijana waliojuana, wakielewana kwamba ni mchezo, yalianza kusikika chumbani kwa mtoto wa nchi nyingine asiyeijua desturi hiyo. Alilipokea tusi bila kuupokea utani.

3. Mlango wa pili: lugha ya mtaa na hasira ya kweli

Rap ina maneno mengi kuliko uimbaji wa kawaida, na iko karibu sana na mazungumzo. Msanii huzungumza kama "mimi", hata anaposimulia maisha ya mtu mwingine. Akimwigiza muuza dawa za kulevya, humpa lugha ya muuza dawa za kulevya. Ndiyo maana lugha ya mtaani huingia kwa urahisi.

Katikati ya miaka ya 1980 mitaa ya weusi ilivamiwa na kokeini ya kuvuta iitwayo crack. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 iliweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa aliyekamatwa na gramu 5 za crack kwa ajili ya kuuza, wakati kwa kokeini ya unga ilibidi awe na gramu 500. Tofauti hiyo ya mara 100 ilipunguzwa mwaka 2010 tu, ikawa mara 18. Waliojaa magerezani kwa sheria hiyo walikuwa hasa watu weusi.

Katika hali hiyo kundi la N.W.A. kutoka Compton, karibu na Los Angeles, lilitoa albamu ya "Straight Outta Compton" mwaka 1988. Lugha yake ilikuwa chafu na yenye ukatili. Wimbo mmoja uliowashambulia polisi ulisababisha afisa wa FBI kuiandikia kampuni yao barua ya malalamiko mwaka 1989. Lakini mwaka 1991 dunia nzima iliona mkanda wa video wa polisi wa Los Angeles wakimpiga Rodney King, na wengi wakatambua kwamba nyuma ya matusi yale kulikuwa na malalamiko ambayo hayakuwa yamesikilizwa.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Hasira dhidi ya uonevu ni jambo moja, na kuwadhalilisha wanawake ni jambo jingine. Nyimbo nyingi za wakati huo ziliwaita wanawake majina ambayo hayawezi kuandikwa hapa, na hao hawakuwa wamemwonea mtu.

4. Mlango wa tatu: soko

Nchini Marekani redio haziruhusiwi kutangaza lugha chafu kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku. Mtu angedhani sheria hiyo ingewafanya wasanii wasafishe mashairi. Lakini redio nyingi hazikuwa zikipiga rap, chafu wala safi. Msanii asiyetarajia kusikika redioni alikosa sababu ya kujizuia. Aliuza kanda zake mkononi, na ukali wa maneno ndio uliomtangaza.

Mwaka 1985 kamati ya akina mama wa Washington, akiwemo Tipper Gore, ilidai albamu ziwekewe onyo kwa wazazi. Nyimbo 15 walizozitaja kuwa mbaya zaidi hazikuwa na hata moja ya rap. Zilikuwa za pop na rock. Kampuni za muziki zilikubali, na mwaka 1990 kibandiko cha aina moja chenye maneno "Parental Advisory", yaani tahadhari kwa wazazi, kilianza kutumika. Kiliwasaidia baadhi ya wazazi. Lakini kwa kijana, kibandiko hicho kilikuwa kama tangazo kwamba ndani kuna kitu ambacho wakubwa hawataki akisikie.

Mwaka huohuo wa 1990 jaji mmoja wa Florida alitangaza kwamba albamu ya kundi la 2 Live Crew ni ya kinyume cha maadili kisheria. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo. Wakati kesi ikiendelea, albamu ilizidi kupata umaarufu.

Mwaka 1991 jarida la Billboard lilianza kuhesabu mauzo kwa mashine za madukani badala ya kuwauliza wenye maduka kwa mdomo. Baada ya wiki chache albamu mpya ya N.W.A. ilishika nafasi ya kwanza nchini kote. Kampuni zikagundua kwamba wanunuzi wako mbali hata nje ya mitaa ya maskini. Tangu hapo maneno makali yakawa bidhaa, na wasanii wapya wakaelewa ni mashairi gani yanayopatiwa mkataba.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni huu: kampuni zilikuwa zikitoa matoleo mawili ya wimbo mmoja, safi kwa ajili ya redio na chafu kwa ajili ya wanunuzi. Kama tusi linaweza kuondolewa na wimbo ukabaki, basi mara nyingi tusi limewekwa kwa sababu linauza. Siku hizi muziki unasikilizwa kwa simu kupitia intaneti. Kibandiko kimebaki kuwa herufi "E" ndogo kando ya jina la wimbo, na kizuizi cha redio hakina nguvu ya zamani.

5. Waliopinga kutoka ndani

Si kweli kwamba jamii ya weusi ilinyamaza. Mwaka 1993 mchungaji Calvin Butts wa Harlem alianza kampeni ya wazi dhidi ya nyimbo chafu. C. Delores Tucker, mama aliyewahi kuandamana pamoja na Martin Luther King Jr., alizibana kampuni kubwa kwenye mikutano yao ya wanahisa. Mwaka 1995 kampuni ya Time Warner iliuza hisa zake katika Interscope, iliyokuwa ikitoa nyimbo hizo. Lakini muziki uleule uliendelea kuuzwa chini ya mmiliki mwingine.

Jibu lingine lilitoka kwa wasanii wenyewe. Mwaka 1993 Queen Latifah alitoa "U.N.I.T.Y.", akiwakemea wanaume wanaowatusi wanawake, na akapata tuzo ya Grammy mwaka 1995. Alijibu rap kwa rap.

6. Huku kwetu

Vijana wa Dar es Salaam walijifunza rap kwa kanda kutoka Marekani. Mapema miaka ya 1990 Saleh J alionyesha kwamba inaweza kuchanwa kwa Kiswahili. Hapa kwetu redio ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kumfikisha msanii kwa wasikilizaji, hivyo mashairi yalitakiwa yasikike sebuleni mbele ya baba na mama. Waliotaka kusema makali walitumia mafumbo na kejeli. "Ndio Mzee" ya Profesa Jay, ya mwaka 2001, iliwacheka wanasiasa wenye ahadi za uongo bila kuhitaji tusi. Mwaka 2015 yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi.

Hatujasalimika, hata hivyo. Mwaka 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond kwa maneno ya ngono. Soko lililobadili rap ya Marekani limefika pia kwetu.

7. Mambo ya kuzingatia

Kwanza, tusiufungie muziki mzima kwa kosa la baadhi ya mashairi. Pili, tutofautishe kilio na dharau: kijana anayeimba kwa ukali kuhusu rushwa au ukosefu wa ajira ana jambo la kusikilizwa, anayemdhalilisha binti wa jirani anahitaji kurekebishwa. Tatu, marufuku peke yake hutangaza kile inachokataza. Nne, vijana hufuata soko linalowalipa, kwa hiyo jukwaa, studio ndogo na hadhira inayopiga makofi kwa mistari safi ni soko pia. Hapo ndipo mchango wa mfadhili unapoweza kuwa na maana.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, tumewahi kusoma mashairi ya vijana wetu kabla ya kuyakataa?
2. Katika mila zetu, nani alikuwa na ruhusa ya kusema maneno makali, wapi, na kwa mipaka gani?
3. Chagueni wimbo mmoja ambao vijana wanaupenda. Mkiondoa matusi, kunabaki nini?
4. Mabinti wa parokia wanasemaje kuhusu nyimbo hizi? Je, wamewahi kuulizwa?
5. Ni jambo gani vijana wetu wanalisema kwa rap kwa sababu hatukuwapa nafasi ya kulisema kikaoni?

Tunapendekeza swali la tano lijibiwe na vijana wenyewe, wakubwa wakisikiliza.