Pensheni ya rubani na pensheni ya mwalimu: fedha ziko mkononi mwa nani?

Kamina ni mji wa reli. Hapa ndipo njia inayotoka Lubumbashi inapogawanyika, moja ikielekea Ilebo, nyingine ikishika upande wa Kabalo na Kalemie, na ni shida kupata mtaa usio na mzee aliyefanya kazi ya reli, iwe wakati wa BCK, wa KDL, wa SNCZ au wa SNCC ya leo. Ndege nazo si ngeni. Uwanja wa Base ulijengwa na Wabelgiji, na Novemba 1964 makomando wao waliondokea hapo kwenda Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani. Lakini rubani kwa watu wa Kamina ni mtu wa kupita angani. Mstaafu wa reli na mwalimu mzee ndio majirani.

Kwa hiyo habari za marubani waliokatwa pensheni zikifika hapa, wengi hucheka kwanza. Mtu mwenye mshahara ule analia nini? Maswali yanayofuata yanaanzia kwenye kicheko hicho.

Ni kweli rubani wa shirika kubwa anaweza kuipoteza pensheni yake?

Ni kweli, na imetokea kwenye nchi tajiri kuliko zote. United Airlines ya Marekani ilikimbilia mahakamani Desemba 2002 kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Mei 2005 mahakama ikairuhusu kujitoa kwenye mifuko yake ya pensheni, ya marubani pamoja na ya wenzao. Kati ya kilichoahidiwa na kilichokuwemo mfukoni kulikuwa na pengo la dola bilioni 9.8. Shirika la serikali linalodhamini pensheni za kampuni, PBGC, lilibeba bilioni 6.6. Zilizobaki ziliwaangukia wafanyakazi na wastaafu wenyewe.

Marubani waliumia zaidi ya wengine, kwa sababu ambayo mtu wa nje hawezi kuibuni. PBGC ina kiwango cha juu cha malipo, na mwaka 2005 kilikuwa dola 45,614 kwa mwaka kwa anayestaafu na miaka 65. Anayestaafu mapema hupunguziwa: kwa mwenye miaka 60 kiwango kilishuka hadi dola 29,649. Na sheria ya Marekani wakati huo ilimkataza rubani wa shirika la abiria kurusha ndege akishafika miaka 60! Serikali ilimtoa kazini kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikamhesabu kama mtu aliyeacha kazi mapema kwa hiari yake. Aliyeahidiwa dola 100,000 kwa mwaka angeweza kubaki na chini ya theluthi. Umri huo ulipandishwa hadi 65 Desemba 2007, wakati marubani wa US Airways na wa Delta nao walikwisha kupoteza mifuko yao.

Na huku kwetu, Afrika Mashariki?

Novemba 5, 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma. Magazeti mengi yaliandika juu ya abiria waliokwama Nairobi, machache yakaeleza chanzo. Shirika lilikuwa limesimamisha mchango wake kwenye mfuko wa akiba wa marubani tangu 2020, korona ilipozilaza ndege chini, na chama chao, KALPA, kilitaka mchango urudishwe. Shirika lilikadiria hasara ya shilingi milioni 300 za Kenya kwa siku. Mahakama iliamuru marubani warudi kazini, na Novemba 9 wakarudi.

Mfano wa zamani ni mchungu zaidi. East African Airways ilikuwa mali ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 1977 ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulisainiwa Arusha Mei 1984, ukiitwika kila nchi mzigo wa pensheni za raia wake. Wastaafu wa upande wa Tanzania walikuwa bado wanadai katika miaka ya 2000, mahakamani na hata barabarani Dar es Salaam, wengine wakiwa na fimbo za kutembelea.

Mtumishi wa Leta, yaani wa serikali, yeye hukatwa?

Kwa nadra zaidi. Kampuni inaweza kufilisika, milango ikafungwa, wadai wakagawana viti na meza. Leta haifungwi. Inakusanya kodi mwaka huu na mwaka ujao, na deni la pensheni hubaki vitabuni mwake. Hata hivyo Detroit, jiji la magari, liliingia mahakamani kwa kufilisika Julai 2013, na wastaafu wake wa kawaida walitoka humo wakiwa wamekatwa asilimia 4.5 ya pensheni na kunyimwa nyongeza ya kila mwaka ya kufidia bei. Polisi na wazima moto hawakuguswa pensheni yenyewe, ila nyongeza yao ilipunguzwa.

Kongo ina njia yake ya kukata, nayo haihitaji hakimu. Mwaka 1967 zaire moja, sarafu ya wakati huo, ilikuwa na thamani ya dola mbili. Oktoba 1993 zikahitajika zaire milioni 3 za zamani kupata moja mpya, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikabadilishwa kwa franka moja ya Kongo. Zidisha mwenyewe: franka moja kwa zaire bilioni 300 za kwanza. Aliyeahidiwa pensheni kwa zaire alipoanza kazi mwaka 1970 hakupunguziwa hata tarakimu moja kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa safi kabisa.

Jambo hilo ndilo linalowaunganisha rubani na mwalimu. Rubani wa United alipunguziwa namba. Mwalimu wa Zaire aliachiwa namba, thamani ikatolewa ndani yake kama mhindi uliopukuchuliwa, likabaki gunzi.

Mfanyakazi wa SNCC ni mtu wa Leta au wa kampuni?

Swali hili huzua ubishi Kamina kuliko mengine yote, na lina haki ya kuzua. Mali ni ya Leta. Mkurugenzi huteuliwa na Leta. Lakini kwa mageuzi yaliyoanza na sheria za Julai 2008, kampuni za umma kama SNCC ziligeuzwa kuwa kampuni za biashara, na mfanyakazi wake hulindwa na mfuko uleule wa mfanyakazi wa duka la mtu binafsi: CNSS, iliyoitwa INSS tangu 1961 na iliyobadilishwa jina na muundo kwa amri ya Julai 2018.

Mwalimu wa shule ya Leta na karani wa mkoa wako kwenye mlango mwingine. Zamani pensheni yao ilitoka moja kwa moja kwenye bajeti, bila mfuko na bila akiba: hazina ikiwa na kitu, wanalipwa, ikiwa kavu, wanangoja. Ndiyo sababu shule nyingi ziliendelea kuwa na walimu wenye mvi waliopita umri wa kwenda retrete, kwa kuwa mshahara mdogo ulikuwa bora kuliko pensheni isiyofika. Desemba 2015 serikali iliunda CNSSAP, mfuko wa watumishi wa umma, ambamo mtumishi na Leta wote huchangia, na sheria ya Julai 2022 ikaupa utaratibu maalumu.

Mtu wa reli amekaa katikati. Mwajiri wake ni Leta, kwa hiyo hakuwa na haraka ya kufunga biashara wala ya kulipa. Mfuko wake ni wa kampuni, kwa hiyo hazina haikuona kuwa deni ni lake. SNCC ilirundika malimbikizo ya mishahara ya miezi mingi, na wazee waliopaswa kupumzika walibaki kwenye orodha ya kazi kwa sababu hakukuwa na fedha za kuwaaga. Ilibidi uje mradi wa usafiri uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2010 ndipo sehemu yao walipwe na kuondoka. Kwa kipimo chochote, huyu ndiye aliyepata mabaya ya pande zote mbili.

Asilimia inayokatwa kwenye mshahara inaenda wapi?

Kwa walio CNSS, jumla ni asilimia 18 ya mshahara. Mfanyakazi hutoa 5, zote za pensheni. Mwajiri hutoa 13: tano za pensheni, 6.5 za posho za familia, 1.5 za ajali na magonjwa ya kazini. Kwa mshahara wa franka 500,000, mfanyakazi anakatwa 25,000 na mwajiri anatakiwa kuongeza 65,000.

Neno la kuangalia ni "anatakiwa". Kukatwa kunaonekana kwenye karatasi ya mshahara. Kupelekwa hakuonekani. Mwajiri anayekata 25,000 na kuzitumia kununulia mafuta ya gari anamkopa mfanyakazi bila kumwambia, na mkopo huo hugunduliwa siku mzee anapofika kwenye dirisha la mfuko na kuambiwa kuwa miaka yake kumi haimo.

Ipi bora: bahasha moja kubwa au pensheni ya kila mwezi?

Katanga ilishapata somo hili. Mwaka 2003 na 2004 kampuni ya madini ya Gécamines iliaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Kila mmoja alipewa fungu lake mara moja. Likasi na Kolwezi wanakumbuka kilichofuata: pikipiki, maduka madogo, madeni yaliyolipwa, ada za watoto, kisha mkono mtupu, na hospitali ya kampuni si yako tena. Si kwamba watu hawa walikuwa wapumbavu. Waliodai mishahara kwa miezi mingi walikuwa na mashimo ya kuziba kabla ya kupanda mbegu yoyote.

Tanzania ilipita upande wa pili. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na kikokotoo kipya kikashusha malipo ya mkupuo kutoka asilimia 50 hadi 25, zilizobaki zilipwe kila mwezi. Wahesabu walisema ndivyo mfuko utakavyodumu. Walimu na wauguzi waliokuwa wamepanga kumalizia nyumba zao kwa mkupuo walipiga kelele hadi Rais Magufuli akakisimamisha Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2022 kikaja cha asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikawapandishia hadi 40 wale waliokuwa na haki ya 50 zamani.

Hesabu inapendelea kila mwezi. Lakini hesabu hiyo hudhani kuwa mwezi ukifika fedha zitakuwepo, na fedha zenyewe zitakuwa bado fedha. Mstaafu wa Kamina aliyeona zaire ikiyeyuka ana sababu ya kutaka chake chote leo, na mtaalamu anayemcheka hajaishi alikoishi yeye.

Basi rubani ana haki ya kulalamika mbele ya mwalimu?

Ana haki. Pensheni ni mshahara uliocheleweshwa, si zawadi. Marubani wa United walikubali masharti ya kazi kwa miaka mingi wakijua sehemu ya malipo yao inakuja baadaye, na mwalimu wa Kamina alifanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba rubani ana chama, wakili, na ndege anazoweza kuzisimamisha asubuhi moja. Mwalimu akigoma wiki nzima, wanaokwama ni watoto wa majirani zake.

Anayefanya kazi sasa afanye nini?

Aulize namba yake ya mfuko, na aiandike mahali pengine zaidi ya ofisini kwa mwajiri. Atunze kila karatasi ya mshahara na barua ya kuajiriwa, kwenye mfuko wa plastiki, mbali na mchwa na mvua. Mara moja kwa mwaka aende kwenye ofisi ya mfuko aone kama miezi iliyokatwa ndiyo iliyoandikwa, na tarehe yake ya kuzaliwa iwe moja kwenye karatasi zote. Wakienda wafanyakazi kumi pamoja watasikilizwa kuliko mmoja. Na waende wakiwa bado kazini, kwa sababu mwezi uliokosekana hudaiwa kwa urahisi zaidi mwajiri akiwa bado ana ofisi, ana mhasibu na ana mlango wa kugonga.