Herufi A Shambani



Mashamba yetu ya Usambara yako kwenye miteremko. Mvua kubwa ikinyesha, mto unakuwa mwekundu. Yale si maji matupu. Ni udongo wako unakwenda! Udongo ukiisha, kabichi na viazi havistawi. Kijana naye anashuka Mombo, anapanda basi la Dar es Salaam. Je, atarudi kulima mawe?

Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Mlalo kulima matuta. Watu walikataa, mpango ukavunjika. Leo tupime wenyewe, kwa herufi uliyojifunza: A.

1. Chukua fito mbili ndefu zinazolingana. Zifunge pamoja juu. Katikati funga ufito mfupi.

2. Juu kabisa ning'iniza kamba yenye jiwe.

3. Simamisha A juu ya vigingi viwili. Tia alama pale kamba inapogusa ufito mfupi. Badilisha miguu, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa.

4. Tembeza A kukata mteremko. Kamba ikitulia katikati, piga kigingi penye kila mguu.

Basi, fuata vigingi, chimba mtaro. Udongo utupe upande wa juu, uwe tuta. Juu ya tuta panda majani ya Guatemala. Yanashika udongo, na ng'ombe anakula.

Maswali
1. Mto wenu una rangi gani baada ya mvua?
2. Kwa nini watu wa Mlalo walikataa?
3. Nani atakusaidia kushika A?