Ngege Wetu wa Maabara

Majuto ni mjukuu. Muhula uliopita nilikabidhiwa tangi la kioo lenye ngege wachanga sita. Nikaona chakula cha unga hakiwatoshi, nikachimba nyungunyungu na kuwamwagia gao zima. Walivyowarukia! Nikajisifu eti mimi ndiye mfugaji. Kesho yake asubuhi maji yalikuwa yametibuka, yananuka, na ngege wanne wanaelea.

Mwalimu wetu wa Bayolojia hakunigombeza. Alinieleza kwamba mdudu asiyeliwa hufa na kuoza. Uozo humaliza oksijeni majini na kuleta amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Tangi si ziwa, ati!

Basi mwenzangu, shika haya:

1. Nyungunyungu: usiwachimbe penye shamba lililonyunyiziwa dawa. Waoshe, uwaweke siku moja katika kitambaa kibichi watoe udongo tumboni, kisha uwakatekate.

2. Viluwiluwi wa mbu: wachuje kutoka maji ya mvua, si ya mtaroni. Toa wachache waliwe wote. Wakibaki, baada ya wiki moja hivi utakuwa umefuga mbu!

3. Kumbikumbi: wang'oe mabawa kwanza.

4. Kiasi: kinacholiwa kwa dakika tano kinatosha. Kilichobaki kiondoe.

Wale wawili waliosalia wangali hai. Wakiniona hukimbilia kiooni kama wasiojua nilichowatenda wenzao. Nami huwapa kidogo tu, halafu nasimama pale hadi wamalize.