TUSOME MAPIGO YA MOYO KARATASINI

Kaa kitako tusome pamoja, kwani somo hili si la mtihani tu.

Mwaka jana shangazi yangu, muuza mboga huko Ruiru, alianza kuhema ovyo kila akipanda ngazi. Katika kliniki moja aliambiwa ni uchovu, akapewa tembe za maumivu. Hakuna aliyemshika mkono kuhesabu mpigo. Basi nikamsindikiza hospitalini Thika, akapimwa kwa elektrokadiogramu. Alibandikwa vibandiko kumi: sita kifuani, vinne mikononi na miguuni. Hakuhisi uchungu wowote, maana mashine hiyo haipitishi umeme mwilini bali hunasa umeme mdogo utokao moyoni. Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyeiendeleza, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1924.

Daktari aliponiona nikikodolea macho ile karatasi, alicheka akasema, "Njoo nikufunze, kijana." Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, ijue karatasi. Kwa kawaida hutembea milimita 25 kwa sekunde. Kijiraba kidogo ni sekunde 0.04. Mraba mkubwa, wenye vijiraba vitano kwa upana, ni sekunde 0.2.

Pili, yajue mawimbi. Tulisoma katika Bayolojia kuwa vyumba vya juu vya moyo hujikaza kwanza, kisha vya chini. Kinundu kiitwacho P ni umeme ukienea vyumba vya juu. Kilele kirefu chembamba, QRS, ni umeme ukienea vyumba vya chini. Wimbi T ni vyumba hivyo vya chini vikijitayarisha kwa pigo lingine.

Tatu, hesabu kasi. Hesabu miraba mikubwa kutoka kilele hadi kilele, kisha ugawe 300 kwa idadi hiyo. Miraba 4 ni mapigo 75 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100.

Nne, uliza: je, vilele vimepangana sawasawa? Je, kila kimoja kinatanguliwa na P? Ukiona P zinakwenda zao na QRS polepole zao, njia ya umeme imekatika, na huenda mgonjwa akahitaji kifaa cha kuendesha mpigo.

Karatasi ya shangazi ilikuwa hivi: nafasi ya miraba miwili, halafu mmoja na nusu, halafu mitatu, bila mpango wowote. Vipimo vikivurugika namna hiyo, hesabu vilele ndani ya miraba 30, yaani sekunde 6, uzidishe kwa 10. Nilipata vilele 14, basi mapigo 140! Nikatafuta P, wapi! Palikuwa na mitetemo tu. Huo ni mpapatiko wa vyumba vya juu. Damu hutuama humo, huganda, na bonge likipanda ubongoni mtu hupooza.

Daktari akamuuliza kama aliwahi kuvimba magoti utotoni. Alikuwa amevimba, baada ya kuumwa koo. Picha ya moyo ilionyesha vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi.

Sasa anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, na lazima damu yake ipimwe mara kwa mara. Mwezi wa pili alisema, "Nauli ya Thika imenishinda, na mbona naskia nafuu? Naacha." Nilitoa ile karatasi, nikamwekea kidole penye P zilizokosekana, nikamweleza kuhusu lile bonge. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Kliniki ni lini?" Tulienda pamoja.

Wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mdogo wako akiumwa koo na kupata homa, mpelekeni zahanati mapema. Akipewa dawa, azimalize zote. Na leo jioni shika kifundo cha mkono wa nyanya yako, uhesabu. Mpigo ukienda ovyo ovyo, usingoje.